Kuchagua Akaunti ya Benki kwa Biashara ya Mtu Mmoja: Somo kwa Vikundi vya Vyama vya Msingi

Wanachama wengi wa vyama vya msingi hawaishi kwa zao moja. Mkulima wa pamba wa Bunda ana kibanda cha duka kijijini kwake. Mwanachama wa SACCOS ya mjini Musoma anashona nguo, anauza dagaa, anatengeneza baiskeli au anasaga nafaka. Biashara hizo si za chama wala si za kampuni. Ni za mtu mmoja, naye ndiye mwenye mtaji, mwuzaji, mtunza stoo na mweka hazina kwa wakati mmoja. Makatibu wa vyama huulizwa mara kwa mara na wanachama wa namna hiyo wafungue akaunti gani, na katika benki ipi. Swali hilo ni la haki, lakini halijibiwi kwa kutaja jina la benki. Somo hili limekusudiwa lisomwe kwa sauti katika kikundi, aya kwa aya, na kila mwenye biashara awe na karatasi na kalamu mbele yake.

Mfano utakaofuatwa ni wa Mwisenge, kata ya Manispaa ya Musoma iliyo kando ya Ziwa Viktoria. Nchini kote Mwisenge inajulikana kwa shule yake ya msingi, ambako Kambarage Nyerere wa Butiama alianza masomo mwaka 1934. Kwa wakazi wake ni mahali pa kutafutia riziki pia, maana ziwa li karibu na mji u karibu. Mchuuzi wa dagaa na fundi cherehani watakaotajwa humu ni wa mfano tu, ila shughuli zao ni zile zile zinazofanyika Musoma kila siku.

Zamani swali halikuwapo

Wazee wengi hawakuzoea kuchagua benki, na sababu yake inajulikana. Tarehe 6 Februari 1967, siku moja baada ya Azimio la Arusha, Serikali ilitangaza kutaifisha mabenki ya biashara, na mahali pake ikaundwa Benki ya Taifa ya Biashara, NBC. Kwa zaidi ya miaka 20, mfanyabiashara wa Tanzania Bara aliyetaka akaunti ya hundi alikwenda NBC. Aliyekuwa na akiba ndogo aliipeleka Posta, na asiyeamini karatasi alizifukia fedha zake chini ya kitanda. CRDB iliundwa mwaka 1984 kwa ajili ya ushirika na maendeleo ya vijijini. Sheria ya mabenki ya mwaka 1991 ikawafungulia mlango wawekezaji binafsi, na mwaka 1997 NBC iligawanywa, ndipo NMB ikazaliwa. Leo NMB, CRDB na NBC humgombea mteja yule yule mjini Musoma, na tangu Benki Kuu ilipotoa mwongozo wa uwakala mwaka 2013 mawakala wa benki wamefika hadi vichochoroni. Mwezi Aprili 2025 Benki ya Ushirika ilizinduliwa Dodoma, nayo imeongeza jina jingine katika orodha. Mwanachama wa leo, basi, ana kazi ambayo baba yake hakuwa nayo.

Mtu na biashara yake

Jambo la kwanza la kueleweka ni kwamba sheria haimtenganishi mfanyabiashara wa mtu mmoja na biashara yake. Deni la duka ni deni lake yeye. Akishtakiwa na mwuzaji wa jumla na kushindwa, mali yake ya nyumbani yaweza kuguswa ili deni lilipwe. Anayetumia jina lisilo lake, mathalani jina la mtaa au la mtoto wake, hana budi kulisajili BRELA, na benki itakitaka cheti cha jina hilo kabla ya kulifungulia akaunti. Lakini cheti hicho hakimgeuzi kuwa kampuni. Wapo wanaodhani kwamba wakishaandika jina juu ya mlango na kupata cheti wamejenga ukuta baina yao na wadai wao. Ukuta huo haupo.

Ikiwa ni hivyo, kwa nini afungue akaunti ya pili ya biashara, ilhali fedha zote ni zake? Sababu ni hesabu. Fedha za nyumbani na za dukani zikikaa katika mfuko mmoja, karo ya mtoto hutoka katika mtaji bila mtu kujua, na mgeni aliyelala siku tatu hula faida ya mwezi. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Akaunti ya biashara ni daftari ambalo mtu mwingine analiandika kwa niaba ya mwenyewe, kila fedha inapoingia na kila inapotoka, hata siku ambayo mwenyewe amechoka au amesahau. Kanuni yake ni rahisi kuisema na ngumu kuishika: mauzo yote yaingie katika akaunti ya biashara, na matumizi ya nyumbani yatoke humo kwa kiasi kinachojulikana, siku inayojulikana, kama mshahara. Mwenye kuchota kila anapohitaji hawezi kujua kama biashara inamlisha yeye au yeye anaila biashara.

Ipo hatari nyingine ambayo wanachama wa vyama vya mazao na watumishi wenye biashara ndogo huigundua wakiwa wamechelewa. Wengi wao hutumia akaunti ile ile inayopokea malipo ya mazao au mshahara kuwekea fedha za biashara. Kama akaunti hiyo ina mkopo unaokatwa kila mwezi, benki haiulizi fedha zilizomo zilitoka wapi. Fedha ya kununulia mzigo wa kesho hukatwa leo kulipia mkopo wa mabati. Hata akaunti zikiwa mbili, zikiwa katika benki moja na kwa mtu mmoja, benki huweza kuwa na haki ya kulipa deni la akaunti hii kwa fedha za akaunti ile. Haki hiyo huandikwa katika masharti ambayo mteja hutia sahihi bila kuyasoma. Mwenye mkopo binafsi mkubwa yafaa afikirie kuiweka akaunti ya biashara katika benki nyingine.

Kuhesabu mwendo wa fedha

Mfanyabiashara anapofika kaunta, karani humwuliza, "Mama, unataka akaunti ya namna gani?" Wengi hujibu, "Hiyo ya kuweka hela tu, mwanangu." Karani hawezi kulaumiwa akimpa ile iliyo juu ya meza. Anayetaka kuchagua hana budi kwenda benki akiwa tayari anaujua mwendo wa fedha zake mwenyewe, na mwendo huo hutofautiana kati ya biashara na biashara kuliko watu wanavyodhani.

Mchuuzi wa dagaa wa Mwisenge na atazamwe kwanza. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Mwezi unapokuwa mpevu mwanga wa taa haufui dafu, na wavuvi wengi hupumzika kwa siku kadhaa hadi giza lirudi. Kwa hiyo kila mwezi biashara yake ina wiki za pilika na siku za ukimya. Wakati wa giza hununua alfajiri mwaloni, mitumbwi inapofika, saa ambayo hakuna tawi la benki lililofunguliwa. Mwenye mtumbwi hataki hundi wala ahadi. Anataka taslimu au fedha kwa simu, papo hapo. Dagaa huanikwa, na jua likiwa kali hukauka upesi, lakini mvua ikipiga mzigo huharibika na mtaji hukwama. Mnunuzi wa magunia, ambaye mara nyingi hutoka mbali, hulipa kwa mkupuo, pengine kutoka benki nyingine. Kwa ufupi, fedha zake hutoka mara nyingi kwa mafungu madogo na huingia mara chache kwa mafungu makubwa.

Fundi cherehani wa mtaa huo huo ni kinyume chake. Fedha humwingia kidogo kidogo kila siku: kupunguza suruali, kuweka zipu, kushona gauni. Hutoka mara mbili tatu kwa mwezi, anapokwenda kununua vitambaa na uzi. Misimu yake haifuati mwezi wa angani bali kalenda ya watu: Januari sare za shule, kisha Idi, kisha Krismasi.

Kila mwanakikundi mwenye biashara achore safu nne katika karatasi: tarehe, fedha iliyoingia, fedha iliyotoka, na njia iliyotumika, yaani taslimu, simu, wakala au benki. Aijaze kwa mwezi mzima usiokatizwa. Mchuuzi wa dagaa ahakikishe kwamba siku za giza na za mbalamwezi zote zimo. Kazi hii huchosha, na ndiyo sababu watu huiruka. Lakini bila karatasi hiyo orodha ya makato ya benki haina maana yoyote.

Na sasa ichukuliwe kwamba kuna akaunti mbili, moja iitwe ya Kwanza na nyingine ya Pili. Viwango vifuatavyo ni vya kufundishia tu, si vya benki yoyote. Akaunti ya Kwanza haina ada ya mwezi, ila kila kutoa fedha hugharimu Sh. 2,000/=. Akaunti ya Pili ina ada ya mwezi ya Sh. 8,000/=, na kila kutoa fedha hugharimu Sh. 800/=. Tangazo la Akaunti ya Kwanza litasema kwa herufi kubwa kwamba haina makato ya mwezi, na watu wataikimbilia.

Mchuuzi wa dagaa hutoa fedha mara 14 kwa mwezi. Katika Akaunti ya Kwanza atalipa 14 mara 2,000, yaani Sh. 28,000/=. Katika ya Pili atalipa 8,000 na juu yake 14 mara 800, jumla Sh. 19,200/=. Akiikimbilia isiyo na ada atapoteza Sh. 8,800/= kila mwezi, au Sh. 105,600/= kwa mwaka. Fundi cherehani hutoa mara 3. Katika Akaunti ya Kwanza atalipa Sh. 6,000/=, na katika ya Pili Sh. 10,400/=. Akaunti inayomfaa jirani yake ingemdhuru yeye. Mpaka kati ya akaunti hizi mbili upo baina ya mara 6 na mara 7 kwa mwezi: anayetoa mara 6 au pungufu achukue ya Kwanza, anayetoa mara 7 au zaidi achukue ya Pili. Kila kikundi kifanye hesabu hiyo kwa viwango halisi vya benki zilizo karibu nacho. Si siri, ni haki ya mteja kuelezwa makato kabla hajatia sahihi, na Benki Kuu ilitoa kanuni za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha mwaka 2019.

Makato ya kutoa si yote. Yapo makato ya kuhamisha fedha kutoka benki kwenda kwenye simu, ambayo kwa mchuuzi wa alfajiri huenda yakawa makubwa kuliko mengine yote, kwa kuwa ndiyo njia yake ya kufika mwaloni. Ipo ada ya taarifa ya akaunti, ada ya kadi, ada ya ujumbe wa simu. Kipo pia kiasi cha chini kinachotakiwa kubaki katika akaunti daima. Hicho hakiitwi makato, lakini ni mtaji uliolala: kikiwa Sh. 50,000/=, basi ni Sh. 50,000/= za dagaa ambazo hazitanunuliwa kamwe.

Aina za akaunti, kwa kifupi

Akaunti ya akiba hutoa riba ndogo, na riba hiyo hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 10. Hufaa kwa fedha zinazongoja, si kwa fedha zinazozunguka. Akaunti ya hundi, ambayo siku hizi mabenki mengi huiita akaunti ya biashara, kwa kawaida haina riba, lakini huruhusu kuingiza na kutoa bila kikomo cha mara, na ndani yake benki huweza kukubali mteja aliyezoeleka atoe kupita kilichomo kwa mapatano maalumu. Kitabu cha hundi chenyewe hakina kazi kubwa tena kwa mchuuzi wa Mwisenge. Akaunti ya muda maalumu hufunga fedha kwa miezi iliyokubaliwa kwa riba iliyo bora zaidi. Mwenye biashara ya msimu aweza kuitumia baada ya msimu, mradi asifunge fedha atakazozihitaji giza likirudi.

Na simu? Tangu M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, wafanyabiashara wengi wadogo wameifanya simu kuwa benki yao, na wengine hawajawahi kuona sababu ya kufungua nyingine. Wana hoja. Simu iko mfukoni saa kumi alfajiri, na namba ya malipo ya mfanyabiashara huwasaidia wanunuzi kulipa bila chenji. Lakini gharama zake zaweza kubadilika ghafla: Julai 2021 tozo mpya ya miamala iliwekwa, malalamiko yakawa mengi, na Septemba ya mwaka huo huo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Aliyekuwa na njia moja tu ya kupitishia fedha hakuwa na pa kukimbilia. Simu ni mlango mzuri wa kuingilia na kutokea, ila ghala na liwe benki. Namba ya malipo iliyounganishwa na akaunti ya biashara hufanya kazi zote mbili.

Benki ikifungwa

Tarehe 4 Januari 2018 Benki Kuu ya Tanzania ilizifunga benki tano kwa siku moja kwa sababu ya upungufu mkubwa wa mtaji. Zilikuwa Covenant Bank for Women, Efatha Bank, Njombe Community Bank, Meru Community Bank na Kagera Farmers' Cooperative Bank. Wanaushirika wa Kanda ya Ziwa hawana budi kulitafakari jina la mwisho katika orodha hiyo. Ilikuwa benki ya wakulima, iliyobeba neno ushirika katika jina lake, na uchungu wa kuifunga haukupungua kwa sababu hiyo. Neno zuri juu ya mlango haliongezi mtaji ndani ya sanduku.

Wateja wa benki hizo hawakuachwa mikono mitupu. Bodi ya Bima ya Amana, iliyoanza kazi katika miaka ya 1990, huwalipa wenye amana benki inapofungwa, lakini hadi kikomo fulani. Mwaka 2018 kikomo kilikuwa Sh. 1,500,000/=. Aliyekuwa na Sh. 1,000,000/= alistahili kulipwa zote. Aliyekuwa na Sh. 9,000,000/= alistahili Sh. 1,500,000/= kwa bima, na zilizobaki zingoje ufilisi wa benki ukamilike. Kungoja kwa mfanyabiashara wa mtu mmoja si sawa na kungoja kwa mtu mwenye mshahara. Mtaji uliokwama miezi sita ni biashara iliyokufa. Mwaka 2023 kikomo kilipandishwa hadi Sh. 7,500,000/=, nalo ni badiliko kubwa kwa watu wa kipato cha kati na cha chini.

Hesabu ya bima hiyo hufanywa kwa kila mtu katika kila benki, si kwa kila akaunti. Na kwa kuwa mtu na biashara yake ni kitu kimoja, jina la biashara halimpi kinga ya pili. Mchuuzi mwenye Sh. 6,000,000/= katika akaunti ya biashara na Sh. 4,000,000/= katika akaunti ya akiba ya benki hiyo hiyo anahesabiwa kuwa na Sh. 10,000,000/=, na Sh. 2,500,000/= kati yake hazimo katika kinga. Akizigawa katika benki mbili, zote zimo.

Ukweli mwingine lazima usemwe ingawa gazeti hili ni la vyama. Bima ya amana ni ya benki na taasisi za fedha zilizoruhusiwa na Benki Kuu kupokea amana. Akiba iliyoko SACCOS haimo. Usalama wa akiba hiyo hutokana na uaminifu wa bodi, ukaguzi wa mahesabu na uangalizi chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Hiyo si sababu ya kuihama SACCOS, ambayo humkopesha mwanachama kwa kumjua na kwa masharti anayoshiriki kuyatunga. Ni sababu ya kutoigeuza SACCOS kuwa droo ya mauzo ya kila siku, na ni sababu kubwa zaidi ya kuhudhuria mkutano mkuu na kuuliza taarifa ya mkaguzi ilisema nini.

Mwenye akaunti akifariki

Sehemu hii husahauliwa katika mafunzo mengi, labda kwa kuona haya ya kuzungumza kifo mbele ya aliye hai. Ndiyo inayowaumiza watu kuliko zote.

Biashara ya mtu mmoja haina mtu wa pili. Mwenye akaunti akifariki na benki ikapata habari, akaunti husimama. Mke au mume aliyekuwa akiuza dukani kila siku, ambaye karani anamjua kwa sura na kwa jina, hana mamlaka ya kutoa hata shilingi. Hata kama marehemu alimwandikia barua au hati ya kumruhusu kutia sahihi, uwakilishi huo hukoma siku mwenye kuutoa anapofariki. Fedha zitatolewa kwa msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, ambayo kwa familia nyingi za kawaida ni Mahakama ya Mwanzo. Kabla ya hapo kuna cheti cha kifo, kikao cha ukoo, maombi, matangazo na siku ya kusikilizwa. Ndugu wakielewana, safari huwa fupi. Wasipoelewana, dagaa huoza, mwenye mtumbwi huuza kwa mwingine, na wateja husahau njia ya duka. Wapo wanaotumia namba ya siri ya marehemu kutoa fedha usiku wa msiba. Ni kosa, na karatasi ya benki itaonyesha saa na kiasi. Mara nyingi ugomvi wa ukoo huanzia hapo.

Mambo machache hupunguza madhara. La kwanza ni kwamba mwenzi au mtoto mkubwa ajue akaunti ziko benki ipi, na vitabu viko wapi. Siri ya fedha ina heshima yake katika nyumba nyingi za Mara, lakini akaunti isiyojulikana na mtu hukaa benki miaka bila mwenyewe, na kwa sheria fedha zilizotelekezwa kwa miaka 15 hupelekwa Benki Kuu. La pili ni wosia ulioandikwa na kushuhudiwa ipasavyo. La tatu, kwa mke na mume wanaofanya biashara kweli kweli pamoja, ni kufikiria akaunti ya pamoja au kuandikisha ubia, na kuiuliza benki wazi wazi, kabla ya sahihi, itafanya nini mmoja akifariki. Jibu liandikwe. Mwanamke anayeamka saa tisa za usiku kwenda mwaloni kwa miaka kumi, na jina lake halimo katika karatasi hata moja, ana haki ya kuuliza swali hilo mapema.

Kodi na mkopo

Wengine huikwepa benki wakihofia mtoza ushuru. Hofu hiyo ina gharama. Kwa viwango vilivyowekwa na Sheria ya Fedha ya mwaka 2019, mfanyabiashara binafsi mwenye mauzo ya Sh. 5,000,000/= kwa mwaka asiye na kumbukumbu alitakiwa kulipa Sh. 100,000/=. Mwenye kumbukumbu kamili alilipa asilimia 3 ya kile kilichozidi Sh. 4,000,000/=, yaani Sh. 30,000/=. Viwango hubadilika kwa bajeti, na vya mwaka husika viulizwe TRA, lakini taarifa ya benki pamoja na daftari ni sehemu ya kumbukumbu hizo. Kwa upande wa pili, akaunti iliyochanganywa humgeuka mwenyewe: michango ya harusi na fedha alizotumiwa na mtoto aliyeko Dar es Salaam huonekana kama mauzo, naye hubaki na kazi ya kueleza.

Mkopo nao hufuata njia ile ile. Benki humpima mwombaji kwa mzunguko wa fedha katika akaunti yake kwa miezi iliyopita. Anayeuza Sh. 3,000,000/= kwa mwezi na kupitisha benki Sh. 200,000/= tu, mbele ya afisa mikopo ni mtu wa Sh. 200,000/=.

Siku ya kwenda benki

Benki huomba namba ya kitambulisho cha taifa, namba ya mlipa kodi, leseni ya biashara na, kwa anayetumia jina la biashara, cheti cha BRELA. Nyingine huomba barua ya serikali ya mtaa. Mwenye biashara aende na ile karatasi yake ya safu nne. Aiweke juu ya kaunta na kumwomba karani amhesabie: kwa mwendo huu, akaunti hii itanikata kiasi gani kwa mwezi, na ile je? Karani mwema atafurahi, maana ni wateja wachache wanaouliza hivyo. Akijibiwa "ni kidogo tu", aombe tarakimu. Tarakimu zikikosekana, njia ya kutokea ni ile ile ya kuingilia, na benki nyingine haiko mbali.

Kazi ya kikundi

1. Kila mwenye biashara asome jumla za safu zake nne. Ni nani kati yenu aliyedhani hutoa fedha mara chache kuliko karatasi inavyoonyesha?

2. Wanakikundi wawili wapelekwe kwenye matawi mawili tofauti kuchukua orodha za makato. Tafuteni mpaka, kama ulivyotafutwa katika somo, kwa viwango hivyo halisi.

3. Mwanachama ana Sh. 5,000,000/= katika akaunti ya biashara, Sh. 3,500,000/= katika akaunti yake binafsi ya benki hiyo hiyo, na Sh. 2,000,000/= SACCOS. Ni kiasi gani kimo katika bima ya amana, na ni kiasi gani hakimo? Angefanya nini bila kuondoka katika chama?

4. Kila mmoja ajiulize, bila kulazimika kujibu mbele ya wenzake: akitoweka kesho, ni nani nyumbani anayejua fedha za biashara ziko wapi?